Upande wa Pili

Marehemu baba alikuwa na kanda moja ya kaseti aliyoirekodi kutoka redioni, nyumbani kwetu Tanga, na ndani yake ulikuwemo wimbo ambao sisi watoto tuliuita wimbo wa mama mdogo. Jina lake la kweli hatukulijua. Mtangazaji alikuwa keshalitaja kabla baba hajawahi kubonyeza. Tuliuita hivyo kwa sababu mama mdogo, kila ukipigwa, aliacha alichokuwa akifanya, awe anapeta mchele au anakuna nazi, akanyamaza. Wimbo ulianza taratibu, waimbaji wawili wakipokezana maneno ya kuombana radhi. Kisha, pale tumba zinapoanza kuchangamka na gitaa la solo linapochomoza, sauti inafifia. Inasikika "ta" ya kinasa sauti, halafu mtu anasoma taarifa ya habari, tayari yumo katikati ya habari ya mvua.

Mama mdogo alikuwa akisema, "Hapo ndipo ulipokuwa unaanza."

Sikumwelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, tena nikiwa mbali na kwetu.

Nairobi nilikuja kwa kazi ya cherehani, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwenye santuri niliingia kwa bahati. Mteja wangu mmoja alikuwa anahama nyumba, akanilipa gauni la harusi ya binti yake nusu fedha, nusu gramafoni, pamoja na boksi la santuri ndogo ambazo wanawe hawakuzitaka. Nilipoanza kuzipekua usiku ule nilishangaa kuona nyingi zina wimbo mmoja tu, jina lile lile pande zote mbili: huku sehemu ya 1, kule sehemu ya 2.

Santuri ndogo ya inchi 7, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika nne kila upande, au tano ukiibana sana. Bendi zetu ukumbini hazikuwa na haja na dakika nne. Wimbo mmoja uliweza kwenda robo saa watu wako katikati ya ukumbi wanatoka jasho. Basi studio ziliukata vipande viwili. Maneno yote, kulaumiana na kubembelezana, yakawekwa upande wa kwanza. Upande wa pili magitaa yakafunguliwa, tumba zikapanda, waimbaji wakabaki kuitikia na kuitana majina. Redioni, mtangazaji mwenye rundo la kadi za salamu mbele yake alipiga upande wa kwanza, akafifisha sauti, akasoma kadi nyingine. Kwa hiyo wengi wa umri wangu tumelelewa na nusu za nyimbo, na hakuna aliyetuambia kwamba ni nusu.

Usiku ule nilikaa sakafuni nikageuza santuri moja baada ya nyingine hadi saa nane. Tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi sishoni.

Watu huniuliza mbona naitafuta Tanga ndani ya Nairobi. Jibu ni kwamba Tanga ililetwa huku. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikahifadhiwa kwenye maktaba ya redio, na wimbo ukitakiwa uwe santuri, safari yake ilikuwa Nairobi. Wanamuziki nao waliifuata njia hiyo hiyo. Wilson Kinyonga na ndugu yake George, vijana wa kwetu waliopitia Jamhuri Jazz, walikwenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kuja Kenya wakaanzisha Simba Wanyika. Baadhi ya wenzao walitoka mwaka 1978, ikazaliwa Les Wanyika. Katikati ya hayo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa 1983. Santuri zilizokuwa upande huu zikabaki upande huu, na zile zilizokwishavuka kwenda kwetu zikapigwa mpaka zikaisha, maana za kuzibadilisha hazikuwa rahisi kupatikana. Mama mdogo anasema ile ya wimbo wake ilikuwa kwa jirani, ikapasuka siku ya maulidi kwa kukaliwa na mgeni.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, mwezi wa baridi ya Nairobi, mawingu yamelala juu ya paa za watu. Nilitoka na mfuko wa turubai nilioushona mwenyewe. Chini yake nimetia kipande cha plaiwudi, ili santuri zisipinde. Ndani mna kitambaa cha flana, tochi ndogo, na karatasi yenye orodha ambayo huwa siifuati.

Soko la Kenyatta wengi wanalijua kwa nyama choma na kwa wasusi. Ukiingia tu unashikwa mkono, "Dada, tukusuke?", na moshi unakufuata mpaka ndani. Lakini ukipenya kwenye vichochoro vya katikati utasikia gitaa kabla hujaona kitu. Kuna vibanda vya santuri humo, vimejaa kuanzia sakafuni hadi darini, na mzee ninayemfuata mimi ana kimoja chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, wa tatu husubiri nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti wa Tanga. Leo umekuja na baridi."

Wakenya wengi ukiwaamkia shikamoo hubabaika. Huyu amezoea, na nafikiri anaisubiri.

Kuna mambo nimejifunza katika kibanda kile ambayo ningependa mtu anayeanza ayajue, maana mimi yamenigharimu. La kwanza ni kuitoa santuri ndani ya jalada kabla ya kulipa. Linaonekana la kitoto. Miaka yangu ya mwanzo niliona katikati ya mji jalada moja la Ukumbusho, zile LP, santuri kubwa, zilizokusanya nyimbo za mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe baada ya kufariki kwa ajali ya gari hapa Kenya, Januari 1979. Picha yake ile, gitaa mkononi. Nililipa bila kufungua, nikabeba kama nimebeba mtoto mchanga. Nyumbani nikakuta ndani ni kwaya ya kanisa, tena imekwaruzwa vibaya. Niliporudi, muuzaji aliniambia bidhaa ikishatoka hairudi. Jalada lile ninalo mpaka leo, na kila Jumamosi namwangalia Mbaraka, nakumbuka kufungua.

Santuri ikishatoka, iinamishe kwenye mwanga. Usiitazame kwa juu, kwa juu kila santuri inang'aa. Ilaze mkabala na dirisha au tochi, mwanga upite ubavuni kama unavyotafuta kasoro kwenye satini, na mikwaruzo yote itajitokeza. Mikwaruzo mingi ni ya juu juu, ni vumbi na majalada, huleta mchakarisho mdogo tu. Unaotakiwa kuuogopa ni ule unaoshika ukucha. Pitisha ukucha polepole bila kukandamiza. Ukikwama, hapo sindano itaruka, au itarudia pale pale mpaka uiondoe. Hili liliniingia upesi kwa sababu fundi wa nguo huona kwa vidole.

Halafu soma. Lebo husomwa na kila mtu, lakini kuna maandishi mengine kwenye ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo: herufi na namba zilizochorwa kiwandani, nyingine kwa mkono wa mtu. Mwisho wake mara nyingi utaona A au B. Lebo za hapa kwetu zimeliwa na unyevu na mende, nyingine zimebanduka kabisa, na namba zile ndizo zinazobaki kukuambia umeshika nini. Mzee ana daftari la namba hizo, ameziandika mwenyewe kwa miaka. Haazimi mtu daftari lile. Unauliza, anafungua, anakusomea, anafunga.

Nami napenda kusoma maandishi ya wenye mali. Watu waliandika juu ya lebo kwa kalamu ya wino: "Mali ya Mama Safi Bar, isitoke." "Ukiazima rudisha." "Krismasi, Kisumu." Moja niliyonayo imeandikwa "Usiupige nikiwa sipo", bila jina. Hiyo siwezi kuiuza hata ningelala njaa.

Asubuhi ile alikuwepo mzee mwingine, wa Siaya, akitafuta benga, muziki wa magitaa wa Waluo. Walikuwa wanasikiliza santuri ya lebo ya Sungura, ile yenye sungura kweli kweli, ya mtayarishaji wa muziki Oluoch Kanindo. Nikiwa naisubiri nafasi yangu mzee wa kibanda akatusimulia jinsi santuri zile zilivyofika hadi Zimbabwe, zikapendwa, hata muziki wao wa magitaa wakauita sungura mpaka leo. Mzee wa Siaya alicheka kwa furaha, akainua ile santuri, akaitazama upya kama mtoto wake amerudi kutoka ughaibuni. Alinunua nne. Moja ilikuwa ya Chandarana, kutoka Kericho. Nairobi si peke yake iliyokuwa na wafanyabiashara wa muziki. Kericho, kwenye chai, nako walikuwa wanarekodi.

Nilipoingia nikachuchumaa mbele ya maboksi. Humo hakuna mpangilio. Kuna kwaya, kuna rumba ya Kongo, kuna hotuba, kuna nyimbo za Kizungu za Krismasi. Vidole vinaingia rangi ya vumbi ambayo sabuni moja haitoshi. Kwenye boksi la tatu nilikuta rundo limegandana kwa unyevu, na katikati yake santuri isiyo na jalada. Lebo ya upande mmoja ilikuwa imetoka yote. Ya upande wa pili ilibaki nusu, na katika nusu ile nilisoma jina la moja ya bendi zetu za Tanga, si zima, lakini mtu wa Tanga hahitaji lote. Chini yake palikuwa na neno moja la jina la wimbo na namba 2.

Sikuwa na sababu ya kufikiri ni wenyewe. Bendi zile zilirekodi nyimbo nyingi, na jina la wimbo wetu sikuwahi kulijua. Nilimpa mzee kama ninavyompa nyingine kumi, nikasema, "Mzee, tuijaribu hii, upande usio na lebo."

Akaipangusa kwa kiganja, jambo ambalo mimi humgombeza akilifanya, akashusha sindano.

Palitangulia mchakarisho mrefu. Kisha gitaa likapiga ile mistari miwili ya kufungulia, na mwimbaji wa kwanza akaingia. Nilikuwa nimechuchumaa, sikusimama. Niliusikia wimbo ule kwa miaka yote ya utoto kwenye spika ndogo ya kinasa sauti, besi haipo, tumba zinasikika kama mtu anagonga meza chumba cha pili. Sasa besi ilikuwepo. Ilikuwa inatembea chini ya maneno, inauliza na kujijibu, na mimi sikuwahi kujua kwamba ndani ya wimbo wetu kuna besi ya namna ile. Tumba zikaanza kuchangamka. Gitaa la solo likachomoza. Sauti ikaanza kufifia, na mwili wangu wote ukawa unasubiri ile "ta" na habari ya mvua. Haikuja. Sindano ilifika mwisho ikawa inazunguka kimya.

Mzee alinyoosha mkono kugeuza.

"Usiugeuze, mzee."

Akanitazama.

"Kuna mtu natakiwa kuusikia naye."

Hakuuliza ni nani. Alirudisha mkono wa gramafoni mahali pake, akaitafutia santuri jalada tupu, akaitia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kwamba usinunue upande ambao hujausikia. Hata tochi sikuiwasha. Akasema shilingi mia nane. Kwa desturi tungeanza safari ya mia tatu, tukutane mia tano. Nilimtumia mia nane kwenye simu, naye akaongeza ndani ya mfuko santuri moja ya bendi ya Super Mazembe bila kusema kitu.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa na shughuli moja mjini. Gramafoni yangu ni ya mkanda. Mota iko pembeni, mkanda mwembamba wa mpira unazungusha kisahani, kama mkanda wa cherehani ya miguu. Mkanda ukilegea mwendo unapungua, na ukipungua sauti inashuka. Nilikuwa nimeligundua kwa Les Wanyika: mwimbaji wao John Ngereza nilimsikia amekuwa mzito, kama mtu mwenye mafua. Wiki mbili nilidhani ni santuri. Barabara ya Luthuli, pale penye amplifaya na spika zilizopangwa hadi barabarani, kuna mafundi wa ghorofani ambao wana mikanda ya kila kimo, mingi imetolewa kwenye madeki ya kaseti yaliyokufa. Fundi alipima mkanda wangu wa zamani kwa rula, akaninyooshea mwingine mfupi kidogo. Ufupi ule una sababu, maana wa zamani umeshavutika, ukiufuata kama ulivyo unanunua ulegevu ule ule. Nilipita na barabara ya Tom Mboya, kwenye duka la muziki la Melodica, nikasimama tu kidogo nikaangalia. Fedha zilikuwa zimekwisha na moyo haukuwa pale.

Kwenye matatu ya Umoja nilikaa mfuko umesimama mapajani. Santuri hailazwi chini ya mizigo, wala haiachwi kwenye dashibodi ya gari juani. Plastiki ile inalainika kwa joto, saa moja ya jua la Mombasa inatosha kuipinda ikawa kama sahani ya supu.

Nyumbani sikuipiga moja kwa moja. Ilikuwa na ukungu wa kijivu kwenye mifereji, na sindano ikipita juu ya uchafu inausaga ndani zaidi. Mimi natumia maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za gari. Ni maji hayo, si asidi. Soma chupa kabla hujanunua. Nusu kikombe, tone moja la sabuni ya vyombo, na flana. Unazungusha kwa kufuata mifereji, kama unavyofuata uzi wa kitambaa unapokata. Lebo usiiloweshe. Kisha maji matupu, kisha kitambaa kikavu, kisha uisimamishe wima ikauke yenyewe. Wengine hutia spiriti ikauke upesi. Kwenye plastiki, spiriti kidogo iliyochanganywa na maji haina neno kubwa. Lakini mimi siweki tena chupa ya spiriti katika chumba chenye santuri, na nitaeleza kwa nini.

Miaka minne nyuma bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, mama wa mteja wangu, alinipa santuri ya taarabu ya mizunguko 78. Alinipa kwa mikono miwili. Zile za 78 si plastiki. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu wadogo unaotoka India, ndugu yake lakiri. Ni nzito, na ukiiangusha inavunjika kama sahani ya udongo. Zinataka pia sindano nene kuliko ya kawaida, kwa kuwa mifereji yake ni mipana. Kwa santuri za aina ile ndiyo sauti ya Siti binti Saad ilivyorudi Zanzibar kutoka Bombay, alikokwenda kurekodi mwaka 1928. Nilijua yote hayo. Sindano yake nilikuwa nimeshaitafuta. Nisichojua ni kwamba spiriti huyeyusha sheleki. Nilitia spiriti kwenye pamba, nikapangusa kwa upendo wote, na pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi. Nikadhani ni uchafu wa miaka sitini. Nikachukua pamba nyingine, nayo ikatoka nyeusi, na ya tatu, mpaka nilipoona mng'ao wa santuri umeondoka ukabaki weusi wa mkaa. Nilichokuwa nafuta ni muziki wenyewe.

Nilipoipiga palisikika mvua juu ya bati. Mbali kabisa ndani ya mvua ile kulikuwa na udi, na mwanamke anaimba, lakini neno hata moja halikukamatika.

Nilikwenda Mombasa kumwambia. Sikuweza kulisema jambo lile kwa simu. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala juu ya leso. Akauliza, "Udi unasikika?"

Nikasema, "Unasikika kidogo bibi, mwisho mwisho."

Akasema, "Haya." Akaniita nile.

Kwa hiyo jioni ile ya Julai niliisafisha santuri ya Tanga kwa maji tu, taratibu, mara tatu, na nikakaa kuitazama inavyokauka hadi magharibi. Ukucha sikuupitisha. Nilifunga mkanda mpya. Saa mbili kasorobo nikampigia mama mdogo kwa video.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekaa gizani?"

Nilikuwa sijawasha taa. Nikawasha, nikamwonyesha santuri. Akasogeza simu usoni, nikawa naona jicho moja na pembe ya kitenge. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, nikamsomea jina la bendi, kisha lile neno moja la jina la wimbo. Akalimalizia. Jina zima, maneno manne, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetajiwa mtaa aliokaa. Miaka yote ile alikuwa analijua. Hatukuwahi kumuuliza.

Nilianza na upande wa kwanza, maana mtu haingii chumbani bila kupita mlangoni. Aliusikiliza kimya, kama alivyokuwa akisikiliza zamani. Ulipofifia nikainua mkono wa gramafoni, nikageuza, na vidole vyangu, ambavyo hutunga uzi kwenye sindano bila miwani, vikawa vinatafuta tundu.

Sehemu ya pili inaanza pale pale ambapo ya kwanza inaachia. Haina utangulizi. Solo iko juu tayari, na chini yake gitaa la ridhimu linachapa mistari mifupi mifupi isiyobadilika. Waimbaji wanaitikia sauti tu, hakuna maneno, kisha mmoja anaanza kuita majina ya wapigaji. Mama mdogo aliyataja kabla yake. Kila jina alilitangulia kidogo, nusu ya pumzi. Halafu akasema, "Sasa tumba peke yake," na magitaa yote yakanyamaza, tumba ikabaki peke yake. Simu yake ilikuwa imeinamia chini, nikawa naona sakafu ya nyumba yetu, ile saruji nyekundu, na mguu wake mmoja ndani ya kandambili ukikanyaga kwa kisigino.

Magitaa yaliporudi ndipo sindano iliporuka. Ikarudi nyuma, ikapiga mstari ule ule wa solo, ikaruka, ikarudi. Ule ndio mkwaruzo ambao ningeukuta kwa ukucha sokoni kama ningeupitisha. Nilinyoosha mkono kuisukuma mbele.

"Usiiguse," mama mdogo alisema.

"Imekwama, mama mdogo."

"Naisikia. Iache kwanza."

Nikarudisha mkono. Solo ikazunguka pale pale, mara ya tano, ya sita, na kule Tanga kisigino kilikuwa bado kinaifuata.